Kiraka juu ya kiraka: miaka 17 ya kupambana na kosa moja ndani ya Linux

Mwezi wa kumi mwaka 2016, wahandisi wa Linux walifunga mlango uliokuwa wazi kwa miaka 9 ndani ya simu na ordinatere nyingi sana duniani. Mlango huo ulikuwa umekwisha kuonekana mwaka 2005, ukawekewa kiraka, kisha kiraka hicho kikaondolewa. Na hata baada ya kufungwa mwaka 2016, ulirudi kufunguka mara mbili kwa njia nyingine. Kwa mkaaji wa Goma, Bukavu, Bunia ao Lubumbashi anayeweka feza yake ndani ya simu ya Android, habari hii haiko mbali naye. Chini ya kila Android kuna Linux.

Kosa lenyewe linajulikana duniani kwa jina la Dirty COW. Historia yake inaonyesha kwa nini baadhi ya makosa ya ordinatere ni magumu kuponya, na kwa nini dawa iliyopatikana kwenye maabara haifiki siku hiyo hiyo mfukoni mwa mwenye simu.

Kiini kisichoonekana

Ndani ya kila simu na kila ordinatere kuna sehemu ambayo mtumiaji haioni hata siku moja. Ni kiini cha mfumo endeshi. WhatsApp, programu ya kutuma feza, kamera, muziki: zote hupita kwa kiini zikitaka kusoma faili, kutuma ujumbe ao kupata nafasi ya kufanyia kazi.

Linux ni kiini kilichoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, inchini Ufini. Leo kinaendesha seva nyingi za intaneti, na Android imejengwa juu yake.

Moja ya kazi nzito za kiini ni kugawa memori, yaani ile nafasi ya haraka ambamo programu hufanyia kazi. Kiini hukata memori katika kurasa ndogo. Kwenye mashine nyingi kila ukurasa una baiti 4 096. Kwa kila ukurasa kiini kinaandika nani anaruhusiwa kuusoma, nani anaruhusiwa kuuandika, na kama umekwisha kuandikwa kitu kipya.

Ili kubania nafasi, kiini kina ujanja mmoja wa zamani. Programu 10 zikitaka kusoma faili moja, hazipewi nakala 10. Zote zinasoma ukurasa ule ule. Siku moja yao ikitaka kubadilisha neno, ndipo kiini kinaipigia nakala yake peke yake, na zile nyingine zinaendelea na ukurasa wa kwanza bila kusumbuliwa. Ujanja huo unaitwa kwa herufi tatu za maneno ya Kiingereza yenye maana ya "nakili pale unapoandika". Herufi hizo, COW, zinasomeka pia kama neno la Kiingereza la ng'ombe. "Dirty" maana yake ni chafu, na ndilo neno wahandisi wanalotumia kwa ukurasa uliokwisha kuandikwa kitu kipya. Hivyo kosa likapewa jina la Ng'ombe Mchafu, na hata picha ya ng'ombe.

Kosa la kukimbizana

Dirty COW ni la ukoo wa makosa yanayoweza kuitwa makosa ya kukimbizana. Yanatokea pale kazi mbili zinapogusa kitu kimoja kwa wakati mmoja, na matokeo yanategemea nani amefika kwanza.

Mfano ni wa mume na mke wa Bukavu wenye akaunti moja yenye dola 100. Mama yuko kwa ajenti Kadutu, baba yuko kwa ajenti Ibanda, na kila mmoja anaomba dola 80 kwa sekunde ile ile. Mashine inatazama kwa ajili ya mama: dola 100 zipo, sawa. Kabla haijazipunguza, inatazama kwa ajili ya baba: dola 100 bado zipo, sawa. Wote wawili wanapewa. Dola 160 zimetoka katika akaunti ya dola 100, na hakuna aliyedanganya. Kila hatua peke yake ilikuwa sahihi. Ubaya uliingia katika nafasi ndogo kati ya kutazama na kutenda.

Ndiyo maana mfumo wa feza uliojengwa vizuri hufunga akaunti kwanza, hutazama, hupunguza, kisha hufungua. Wa pili anangoja. Ndani ya kiini pia kuna makufuli ya namna hiyo, mengi sana. Lakini kufuli moja likisahauliwa, ao likifunguliwa mapema kidogo, nafasi inapatikana.

Karani, kopi na rejista

Ili kuelewa Dirty COW, inatosha kufikiria biro ya komini. Karani ana rejista kubwa ya vizazi. Sheria ni nyepesi: mwananchi anaweza kuisoma, lakini hawezi kuandika ndani yake. Akitaka kuandika maelezo yake, karani anampigia kopi, naye anaandika kwenye kopi. Rejista inabakia safi.

Karani ana kikaratasi kinachosema: "Huyu anataka kuandika." Anapiga kopi, anaiweka mezani, kisha anafuta maneno hayo kwenye kikaratasi. Anawaza kwamba kazi ngumu imekwisha na kilichobaki ni kumpa mgeni karatasi iliyo mezani. Anageuka nyuma kidogo. Wakati huo huo rafiki wa mgeni anachukua ile kopi na kuitupa. Karani anarudi, haoni kopi. Anatazama kikaratasi: hakisemi tena kwamba mtu huyu anataka kuandika. Basi lazima anataka kusoma tu. Anamkabidhi rejista yenyewe, na mgeni ameshika kalamu mkononi.

Ndivyo ilivyokuwa ndani ya Linux. Programu ya mshambuliaji ilianzisha kazi mbili. Ya kwanza iliomba kuandika kwenye ukurasa wa faili ambalo iliruhusiwa kulisoma tu, nayo ilipita kwa faili la pekee linaloitwa /proc/self/mem. Ya pili ilirudia bila kuchoka kuambia kiini: ukurasa huu siuhitaji tena, utupe. Kazi hizo zilikimbizana maelfu ya mara. Ilitosha kushinda mara moja.

Ushindi huo mmoja ulikuwa mkubwa. Mtumiaji wa kawaida, asiye na mamlaka yoyote, aliweza kubadilisha faili linaloamua nani ni msimamizi mkuu wa mashine, kisha akajifanya yeye msimamizi. Na kumbukumbu za mashine hazikuonyesha jambo lolote la ajabu. Mshambuliaji alipaswa tu kuwa amekwisha kuingiza programu yake ndani ya mashine hiyo, jambo ambalo kwenye simu linaweza kuwa rahisi kama kupakua mchezo wa bure.

Kutoka hatari ya kufikirika hadi wizi wa kweli

Mwaka 2005, Torvalds mwenyewe aliona hatari hiyo na akaandika kiraka. Lakini kiraka hicho kilileta matatizo kwenye mashine kubwa za IBM za aina ya s390, ambazo hazikuweka alama ya "ukurasa umeandikwa" mahali pale pale kama mashine nyingine. Muda mfupi baadaye kikaondolewa. Kwa mashine za wakati ule, kukimbizana huko kulikuwa jambo la kufikirika tu.

Kisha dunia ikabadilika. Simu na ordinatere zikaanza kuwa na vichwa vingi vinavyofanya kazi kwa wakati mmoja, na sehemu ya kiini inayosimamia memori ikatengenezwa upya ili ivitumie vyote. Jambo ambalo mwaka 2005 lilikuwa nadra likawa rahisi kusababishwa. Matoleo yote ya Linux kuanzia 2.6.22, lile la mwaka 2007, yalikuwa na mlango huo.

Aliyegundua kwamba wezi wamekwisha kuupata ni Phil Oester, mtaalamu wa Linux. Alikuwa na desturi ya kuhifadhi nakala ya mawasiliano yote yaliyoingia kwenye seva alizosimamia. Siku moja seva ikashambuliwa, naye akatafuta ndani ya nakala hizo na kukuta ile programu ya shambulio. Bila desturi hiyo, kosa lingeweza kubakia limejificha kwa muda mrefu zaidi. Habari ilitangazwa hadharani tarehe 19 mwezi wa kumi 2016, na matoleo ya Linux yaliyotengenezwa yalitolewa ndani ya siku chache hizo hizo.

Kilichobadilishwa mwaka 2016

Safari hii Torvalds hakurudia kiraka cha mwaka 2005. Zile mashine za IBM zilikuwa zimekwisha kurekebishwa katika Linux 3.9, toleo la mwaka 2013, kwa hiyo njia ilikuwa wazi.

Kwa lugha ya biro ya komini, karani alikatazwa kufuta maneno "huyu anataka kuandika". Maneno hayo yanabakia hadi mwisho. Pembeni yake anaweka alama mpya: "amekwisha kupigiwa kopi". Na kabla ya kukabidhi karatasi yoyote, lazima aitazame kama kweli ina ile alama ya ukurasa ulioandikwa. Kama haina, maana yake kopi imetupwa, naye anarudi mwanzo na kupiga nyingine. Rafiki wa mgeni anaweza kutupa kopi mara elfu, rejista haitatoka.

Kilichohitajika kilikuwa mistari michache ya programu. Ugumu haukuwa katika kuandika mingi. Ulikuwa katika kuelewa ni mahali gani kiini kiliamini jambo ambalo halikuwa kweli tena.

Wezi wafika kwenye Android

Kiraka cha Linux kilipatikana mwezi wa kumi 2016. Google ilikiingiza katika matengenezo ya usalama ya Android, yale yenye tarehe 5 mwezi wa kumi na mbili 2016. Karibu mwaka mzima baadaye, mwezi wa kenda 2017, kampuni ya usalama Trend Micro ilitangaza kwamba imepata programu mbaya iitwayo ZNIU inayotumia Dirty COW kuteka simu za Android.

Trend Micro ilihesabu programu zaidi ya 1 200 zilizobeba ZNIU, nyingi zikijifanya michezo ao picha za ngono, na watumiaji zaidi ya 5 000 walioathirika. Ilionekana katika inchi zaidi ya 40, hasa Uchina na Uhindi. Ikisha kuteka simu, ilituma malipo kwa njia ya SMS kuelekea kampuni ya uongo, kisha ikafuta jumbe hizo. Kiasi kilikuwa kidogo kwa makusudi, kama dola 3 kwa mwezi, ili mwenye simu asishituke. Malipo hayo yalifanyika kwa wateja wa mitandao ya Uchina tu. Lakini kwa wengine pia programu iliacha mlango wa nyuma wazi ndani ya simu.

Wezi hao hawakuhitaji kosa jipya. Walitegemea simu ambazo hazikuwekewa kiraka cha zamani.

Kiraka nacho chapata tundu

Mwisho wa mwaka 2017, watafiti wa kampuni ya Bindecy walionyesha kwamba dawa ya mwaka 2016 haikufunika kila pembe. Mbali na kurasa za kawaida, Linux hutumia pia kurasa kubwa, ambazo kwenye ordinatere nyingi zina megabaiti 2 kila mmoja. Kwa kurasa hizo, ile alama ya "umeandikwa" iliweza kuwekwa hata kama nakala haikupigwa. Karani alikuwa anatazama alama kama alivyoagizwa, lakini alama yenyewe ilikuwa inadanganya. Kosa hilo likaitwa Huge Dirty COW. Madhara yake yalikuwa na mipaka kuliko la kwanza, na lilifungwa upesi.

Mwaka 2022, David Hildenbrand, mhandisi wa kampuni ya Red Hat, alionyesha tundu jingine, safari hii katika mafaili yanayoishi ndani ya memori tu. Yeye hakuongeza alama ya tatu. Aliondoa kabisa ile alama ya mwaka 2016 ya "amekwisha kupigiwa kopi", akaweka swali jingine mahali pake: je, ukurasa huu ni wa programu hii peke yake? Kama ndiyo, programu iandike. Kama hapana, nakala ipigwe kwanza.

Tofauti ni kubwa. Alama ya zamani ilikuwa inakumbusha jambo lililotokea nyuma, na mambo ya nyuma yanaweza kubadilika kabla mtu hajageuka. Swali jipya linatazama hali ya ukurasa wenyewe wakati ule wa kuandika. Kutoka kiraka cha kwanza cha mwaka 2005 hadi mabadiliko hayo, ilikuwa imepita miaka 17.

Kwa nini wasifunge kila kitu?

Swali la haki ni hili: kama tatizo ni kazi mbili kugusa kitu kimoja, kwa nini kusiwekwe kufuli moja kubwa likaisha?

Linux ilipita njia hiyo. Mwaka 1996, toleo la 2.0 lilipoanza kutumia mashine zenye vichwa vingi, liliwekewa kufuli moja kubwa kwa kiini chote. Ilikuwa salama, lakini anayejua mpaka wa Petite Barrière kati ya Goma na Gisenyi ataelewa shida yake. Kukiwa na dirisha moja tu linalofanya kazi, haijalishi barabara ni pana namna gani. Wote wanapanga mstari mmoja. Wahandisi walitumia miaka mingi kuligawa kufuli hilo katika makufuli madogo, na mabaki yake ya mwisho yaliondolewa mwaka 2011.

Kila kufuli linalogawanywa linaleta mwendo zaidi, na pia nafasi mpya za kukosea. Mwaka 2023, mtafiti Ruihan Li wa Chuo Kikuu cha Peking aliripoti kosa lililoitwa StackRot. Lilikuwa katika muundo mpya ambao Linux 6.1 ilianza kuutumia kupanga maeneo ya memori. Kazi moja iliweza kutupa sehemu ya ramani ya memori wakati kazi nyingine bado inaisoma. Ripoti ilitolewa tarehe 15 mwezi wa sita. Torvalds aliongoza matengenezo, ambayo yalichukua karibu majuma mawili.

Kuyawinda makosa hayo ni kazi ya uvumilivu. Programu inaweza kujaribiwa mara milioni bila kuonyesha kitu, na mtu akiweka chombo cha kuichungulia, mwendo wake unabadilika kidogo na kosa linajificha. Tangu mwaka 2020, Linux 5.8 ina chombo kiitwacho KCSAN kinachogeuza ugumu huo kuwa silaha. Kinachagua mara moja moja mahali fulani pa memori, kinachelewesha kwa makusudi kazi inayopagusa, kisha kinangoja kuona kama kuna kazi nyingine itakayokuja kupagusa bila kufuli. Ikija, mhandisi anapewa taarifa kabla mwizi hajafika.

Kiraka kinafika lini mfukoni?

Kazi ya wahandisi inaishia pale kiraka kinapotolewa. Kutoka hapo kinapaswa kupita kwa Google, kwa mtengenezaji wa simu, mara nyingine kwa mtengenezaji wa chipu, na mwisho kwa mwenye simu anayepaswa kukubali kupakua. Watengenezaji huacha kutuma matengenezo kwa simu za zamani baada ya muda fulani. Simu inaendelea kupiga, kutuma picha na kutuma feza kama kawaida, lakini milango yake haifungwi tena.

Katika Goma na Bukavu, ambako banki zilifunga milango mwanzoni mwa mwaka 2025, simu ndiyo iliyobakia sanduku la feza kwa familia nyingi. Mshahara, feza ya shule, msaada kutoka kwa ndugu walio Kinshasa ao Ulaya, yote yalipita humo. Mtu anayenunua simu iliyotumika sokoni hutazama kioo, betri na kamera. Tarehe ya matengenezo ya usalama nayo inafaa kutazamwa.

Tarehe hiyo hupatikana kwa kufungua "Paramètres", kisha "À propos du téléphone", penye maneno ya matengenezo ya usalama ya Android. Simu yenye tarehe 5 mwezi wa kumi na mbili 2016 ao baadaye imekwisha kupata kiraka cha Dirty COW, lakini makosa mengine yamefungwa kila mwaka tangu hapo. Ikionekana tarehe ya miaka mingi nyuma, na simu haipati tena sasisho, ni afadhali isiwe ile yenye akaunti ya feza. Simu ikiomba kufanya "mise à jour", ni vema ikubaliwe usiku wenye umeme na mtandao wa bei nafuu, badala ya kuahirishwa kila siku. Na programu zinazotumwa kwa WhatsApp ao Bluetooth, nje ya duka rasmi, ndiyo njia ambayo programu za aina ya ZNIU hupenda, kwa sababu mwizi wa namna hiyo lazima kwanza aingizwe ndani na mwenye nyumba.

Wahandisi wa Linux walichukua miaka 17 kuufunga mlango huu mmoja vizuri. Kwa mwenye simu ambayo sasisho bado linapatikana, sehemu yake inachukua dakika chache.